Mzazi mwenzangu, ada ya kupasha injini moto si wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu mzazi aliyejitambulisha kama "Mlipa Ada", ambaye wiki mbili zilizopita alilalamika kwamba chuo cha urubani anakosoma binti yake, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kimekuwa kikimtoza fedha za ziada za kupasha injini moto asubuhi za Desemba na Januari, na kwamba mara nne kiliahirisha kabisa mafunzo ya angani kwa sababu ya baridi. Aliuliza, kwa lugha ya adabu lakini yenye uchungu unaoeleweka, iweje gari lake la mwaka 1998 liwake kila asubuhi kule Mafinga mwezi wa Julai bila kupashwa na mtu, halafu ndege ya mamilioni ya shilingi ishindwe. Akamalizia kwa kusema kuwa huo ni ujanja mpya wa kuwakamua wazazi wa Kiafrika wanaolipa kutoka mbali bila kuona wanacholipia.

Chuo hicho sikijui na sina maslahi nacho. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na huu ni mwaka wa 11 nikiwa fundi wa ndege ndogo katika jimbo la Minnesota, kwenye kiwanja chenye njia moja ya kurukia na mabanda ya bati yaliyojipanga kama maghala ya mahindi. Kati ya Novemba na Machi sehemu kubwa ya kazi yangu ya asubuhi si kutengeneza kitu chochote, bali ni kuzipasha moto injini za watu kabla hazijawashwa. Kwa hiyo lawama ya mzazi mwenzangu imeniangukia mikononi, na naamini wapo wasomaji wengine wenye watoto huku na Kanada ambao wameiona ada hiyo kwenye ankara wakakaa nayo rohoni.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Asubuhi ya Mafinga ambayo nyasi zimeota sakitu na watu wanaota moto barabarani, kipimajoto kinachezea karibu na sifuri. Huku, tarehe 30 Januari 2019, mji wa Minneapolis uliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na rekodi ya jimbo zima, iliyopimwa karibu na mji mdogo wa Tower tarehe 2 Februari 1996, ni nyuzi 51 chini ya sifuri. Hizo zilikuwa siku za kipekee, nakubali, lakini nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri ni asubuhi ya Januari isiyomshangaza mtu, asubuhi ambayo watoto wanakwenda shule na mabasi yanapita kwa wakati. Ndege iliyolala nje usiku kucha katika hali hiyo haiwi ya baridi kwa nje tu kama sufuria iliyoachwa uani. Kila kipande cha chuma ndani ya injini yake, hadi katikati, kimefikia baridi ile ile ya hewa.

Mzazi mwenzangu aliandika kana kwamba injini hupashwa kwa sababu bila hivyo haiwaki. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo hata baadhi ya wanafunzi wa urubani huku wanalo. Injini iliyoganda mara nyingi huwaka. Ukiwa na betri nzuri na ukiipa petroli ya kutosha itakohoa, itatetemeka, kisha itanguruma, na asiyejua atashangilia. Injini iliyokataa kuwaka haijadhurika. Iliyokubali ndiyo inayoumia, tena katika dakika yake ya kwanza, na maumivu hayo haitayasema siku hiyo wala wiki hiyo. Tunaipasha ili isijitafune ikishawaka.

Chukua oili. Ndege nyingi za mafunzo, zikiwemo Cessna 172 na zile za Piper za ukoo wa Cherokee, zina injini za silinda nne zinazopozwa kwa hewa, za Lycoming au Continental, na oili yake ni nzito kuliko ya gari. Ile ya daraja moja inayotumika wakati wa joto, ambayo chupa zake huandikwa 100, ni sawa na SAE 50 (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito), na hata ile ya madaraja mengi tunayoitumia majira ya baridi, yaani 15W-50 au 20W-50, bado ni nzito ukiilinganisha na 5W-30 ya magari mengi ya siku hizi. Wasomaji wa pwani wanajua jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda chupani siku ya ubaridi na kugoma kutoka hata ukiisimamisha chupa kichwa chini. Oili ya injini haigeuki nyeupe, ila tabia zinakaribiana: niliwahi kuchomoa kijiti cha kupimia oili asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, nikakishika mbele ya tochi, na tone lililokuwa limening'inia kwenye ncha yake lilibaki pale pale mpaka nilipochoka mkono nikakirudisha.

Oili ya namna hiyo ndiyo pampu inatakiwa iinyonye kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuisukuma kupitia matundu membamba hadi kwenye beringi zinazoishika krenkishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na kwenye kamshafti, mhimili mdogo unaofungua vali, ambayo kwa injini nyingi za Lycoming iko juu kabisa, mahali ambapo oili hufika kwa kuchelewa hata siku ya joto. Wakati oili bado inajikokota njiani, vyuma vile juu vinazunguka mara mia kadhaa kwa dakika vikiwa na utando tu wa oili iliyobaki tangu safari iliyopita.

Lakini oili ni nusu tu ya habari, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo nyepesi, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha oili na asiweze kubadilisha madini. Ganda la injini ya ndege limeundwa kwa alumini ili liwe jepesi, na krenkishafti inayozunguka ndani yake ni ya chuma kigumu. Alumini hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma. Nafasi iliyopo kati ya beringi na shafti, nafasi ambayo oili inatakiwa ikae, inakaribiana na unene wa unywele wa kichwa. Kwa shafti yenye kipenyo cha sentimita 6, kutoka joto la nyuzi 20 la karakana hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ganda la alumini husinyaa kuizidi shafti kwa takriban sehemu tatu za mia moja za milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini imekatwa kutoka kwenye ule unywele. Kwa hiyo baridi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaibana nafasi ya oili kupita, na inaifanya oili iwe nzito isiweze kupita kwenye nafasi iliyobanwa.

Hapa ndipo lilipo jibu kuhusu gari la mzazi mwenzangu. Injini nyingi za magari ya umri ule zina ganda la chuma cha kusubu, na krenkishafti pia ni ya chuma, kwa hiyo vyote husinyaa pamoja kama ndugu wanaokwenda mwendo mmoja; zina maji yanayozunguka na kusambaza joto sawasawa, na oili yake ni nyepesi. Isitoshe, gari hilo halijawahi kuionja hata nusu ya baridi ninayoieleza. Waliokaa muda mrefu huku wanajua kwamba hata magari mengi ya kaskazini hufungwa kifaa cha umeme cha kupasha injini, na utaona waya wenye plagi ukining'inia mbele ya gari kama ulimi.

Yupo atakayesema: basi iwashwe polepole, iachwe ingurume kwa utulivu hadi ipate joto lake yenyewe, kama madereva wa malori wanavyofanya. Shauri hilo linasikika la busara, na lingekuwa la busara kama injini ingepata joto mahali pote kwa wakati mmoja. Haiwi hivyo. Pistoni, ambayo ni ya alumini, hupokea moto wa mlipuko papo hapo na kutanuka, ilhali silinda ya chuma inayoizunguka, iliyovaa mapezi ya kupozea, bado ina baridi ya usiku na haijatanuka. Pistoni iliyonenepa ndani ya silinda iliyosinyaa, tena bila oili ya kutosha, hukwaruza, na mkwaruzo huo haufutiki. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe hawakuliacha jambo hili kwenye hiari ya mtu. Lycoming wanaagiza injini zao nyingi zipashwe kabla ya kuwashwa ikiwa hewa iko chini ya nyuzi 12 chini ya sifuri, na kwa baadhi ya injini zao mpaka huo ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Continental wao wanaagiza hivyo kwa injini iliyokaa kwa muda wa saa mbili au zaidi kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri au pungufu. Chuo kinachozingatia maagizo hayo hakijabuni ada. Kinatii maagizo ya aliyeiunda injini.

Naona niseme pia kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwamba kupasha injini si sawa na kupasha kiporo, ambapo ukiona mvuke juu unaepua. Ilikuwa majira yangu ya pili ya baridi, nikiwa bado msaidizi wa fundi mkuu kwenye kiwanja kingine ambacho sitakitaja. Asubuhi hiyo ndege tatu za mafunzo zilikuwa zinasubiri, hita ya gesi ilikuwa moja, na mkufunzi wa ndege ya tatu alikuwa akitazama saa yake kila mara huku mwanafunzi wake akirukaruka kupasha miguu. Niliuingiza mpira wa hita kwenye tundu la mbele la kifuniko cha injini, nikauacha kwa robo saa, kisha nikaingiza mkono na kugusa silinda ya kwanza. Ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niutoe mkono haraka. Nikamwambia mkufunzi, "Tayari."

Iliwaka mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pembeni ya bawa, nikaona mkufunzi ananyoosha kidole kwenye geji ya presha ya oili na uso wake unatulia, maana mshale ulikuwa umepanda. Nikaanza kuuviringisha mpira wangu. Kabla sijamaliza, injini ilizimwa ghafla. Mshale ulikuwa umepanda, ukasimama kidogo, kisha ukashuka wote hadi sifuri.

Fundi mkuu hakunipigia kelele. Alichukua kijiko cha plastiki kutoka chumba cha chai, akanipeleka kwenye kabati alikokuwa na chupa ya asali iliyoganda, akachota kijiko kimoja na kunionyesha shimo lililobaki. Shimo halikujaa. Akaniambia ndivyo ilivyokuwa ndani ya sampu: hewa moto niliyoipuliza ilikuwa imepita juu, ikazipasha silinda na kutoka zake, wakati oili kule chini ilikuwa bado imelala, pampu ilinyonya ile iliyokuwa karibu na mdomo wake, ikabaki na shimo, na baada ya hapo ikawa inanyonya hewa. Mkono wangu ulikuwa umegusa mahali palipopata joto kwanza nikauamini. Juma la pili baadaye tulipoikata filta ya oili ya ndege ile na kuikunjua karatasi yake chini ya taa, ilikuwa inameremeta kama kiganja cha mtu aliyetoka kuparua dagaa. Fundi alipitisha sumaku juu yake. Chembe chache zilirukia sumaku. Nyingi zilibaki palepale, na hizo ndizo zilizomkunja uso, kwa sababu madini ya beringi hayashikwi na sumaku. Ndege ile haikuruka tena hadi Aprili. Sikufukuzwa kazi, lakini nilipewa zamu ya hita kwa majira yote yaliyobaki, na zamu hiyo sijaiacha tangu hapo, safari hii kwa kupenda.

Mzazi mwenzangu ataona sasa kwa nini ada hiyo inahesabiwa kwa saa na si kwa dakika. Njia iliyo bora, kwa uzoefu wangu, ni umeme: vipande vyembamba vya kupasha moto hubandikwa chini ya sampu, vingine hufungwa kwenye silinda zenyewe, kisha injini yote hufunikwa blanketi nene lililoshonwa kwa umbo lake, na matundu ya mbele huzibwa. Hapo joto hupanda polepole kwa muda wa saa nne, tano au sita, likipenya hadi kwenye shafti iliyo katikati. Ndege inayotakiwa kuruka saa mbili asubuhi huchomekwa kwenye umeme saa nane usiku, na wenye mabanda ya kisasa wana swichi wanazoziwasha kwa simu wakiwa kitandani. Mahali pasipo na umeme tunatumia hita za gesi au mafuta ya taa zinazopuliza hewa moto kwa mpira mpana, kama ile iliyoniponza, na hizo zinataka mtu asimame hapo muda wote akiuhamisha mpira kutoka juu kwenda chini kwenye sampu, na kutoka hapo kwenda kwenye kipozea oili na mipira yake, huku akichunga moto, maana ndege ndogo zimewahi kuteketea kwa hita iliyoachwa peke yake. Mtu huyo analipwa mshahara, na gesi hainunuliwi kwa maneno.

Hata umeme una mjadala wake miongoni mwetu. Kuna wamiliki wanaoacha vipande vya sampu vikiwaka mwezi mzima ili ndege iwe tayari wakati wowote, na mimi ni katika wanaopinga, kwa sababu oili yenye joto hutoa unyevu, unyevu hupanda, na ukikuta kamshafti ya baridi kule juu hujigeuza matone, na matone hayo huzaa kutu mahali pabaya kuliko pote. Anayepasha injini nzima chini ya blanketi nzuri anaikwepa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Wenzangu wawili tunaofanya nao kazi hawakubaliani nami, na tumeshabishana hivyo kwa miaka.

Kuhusu neno "ujanja mpya", naomba kumkumbusha mzazi mwenzangu kwamba jambo hili lina umri unaokaribiana na ndege zenyewe katika nchi za baridi. Carl Ben Eielson, mzaliwa wa North Dakota, jimbo jirani na hapa nilipo, alibeba barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath huko Alaska mwezi Februari 1924, na marubani wa Alaska na kaskazini mwa Kanada wa enzi hiyo na miaka iliyofuata walikuwa na desturi ya kumwaga oili yote ya injini jioni mara tu baada ya kutua, ingali moto, na kuiingiza ndani ya nyumba walikolala. Asubuhi oili iliwekwa kwenye jiko kama chai, injini ikafunikwa turubai hadi chini, na mtu akaingia ndani ya turubai hilo na jiko la kupuliza, akakaa humo na kifaa cha kuzimia moto hadi vyuma vipate joto. Hapakuwa na mzazi wa kukamuliwa kule. Walifanya hivyo kwa sababu asiyefanya alibaki porini.

Mzazi mwenzangu aliuliza pia mbona ndege kubwa aliyosafiri nayo kwenda kumtembelea binti haikupashwa. Swali zuri. Injini za ndege hizo ni za tabaini, yaani gesi ya moto huzungusha mapanga yake moja kwa moja, hazina pistoni zinazosugua silinda. Shafti zake zinakaa juu ya beringi za gololi na roli, na oili yake ni ya kutengenezwa kiwandani, nyepesi sana. Hata Cessna Caravan zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Serengeti na Zanzibar zina injini ya namna hiyo, PT6 iliyoundwa Kanada, ambayo inaruhusiwa kuwashwa hadi oili yake ifikie nyuzi 40 chini ya sifuri. Binti akifika siku ya kuiendesha ndege hiyo, ankara ya kupasha moto itakuwa hadithi, lakini ngazi ya kufika huko inapitia kwenye zile za pistoni.

Zimebaki zile siku nne zilizoahirishwa. Ukweli ni kwamba kila chuo hujiwekea mpaka wake wa baridi, na sioni sababu ya kuuonea haya. Injini inaweza kupashwa vizuri na bado asubuhi ikakushinda. Plagi za moto hupata umande wa mlipuko wa kwanza, injini ikizima umande huo unaganda kati ya ncha, na hakuna cheche tena hadi plagi zichomolewe na kupashwa. Betri iliyochoka huganda hadi kupasuka. Bomba linalotolea pumzi ya injini huziba kwa barafu kwenye mdomo wake, presha ikajaa ndani na kusukuma nje sili ya mbele ya krenkishafti, na oili yote ikaishia kwenye kioo cha rubani. Na tukiacha vyuma, mwanafunzi aliyelazimika kutua kwenye ziwa lililoganda, nyuzi 25 chini ya sifuri, akiwa na viatu vya raba, ana muda mfupi kuliko oili yake. Binti kubaki chini siku nne za majira mazima kunanionyesha chuo chenye akili.

Hata hivyo sitaki nionekane nimekuja kutetea kila ankara inayotoka huku, kwa sababu wapo wanaotoza kwa mazoea. Ikiwa ndege ililala ndani ya banda lenye joto, hakuna cha kupashwa. Ikiwa binti aliichukua ndege ambayo imetua nusu saa iliyopita, injini yake bado ina joto na ada hiyo haimhusu. Na ikiwa hewa ilikuwa juu ya sifuri, mzazi ana haki ya kuuliza ni maagizo gani yalifuatwa. Jambo hilo anaweza kulikagua akiwa huko huko nyumbani bila kumuuliza mtu. Kila kiwanja chenye kituo cha hali ya hewa hutoa ripoti ya kila saa iitwayo METAR, na kumbukumbu zake hupatikana bure kwenye intaneti. Aandike jina la kiwanja na tarehe iliyo kwenye ankara, kisha atafute namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, mfano M18/M21. Namba ya kwanza ni joto la hewa kwa Selsiasi, na herufi M mbele yake maana yake ni chini ya sifuri. Saa za ripoti ni za Greenwich, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya Minnesota wakati wa baridi itasomeka kama saa 14, ambayo kwake ni saa kumi na moja jioni.

Tarehe zitakazoonyesha M07 au baridi kali zaidi ya hapo, namsihi azilipe bila kinyongo. Zitakazobaki azikusanye, amwandikie mkuu wa chuo akiambatanisha ripoti hizo, na akitaka barua hiyo isomwe kwanza na fundi, aipitishe kwako, Ndugu Mhariri, nami nitaisoma.

Wako,
Fundi wa Zamu ya Hita,
Minnesota, Marekani